Chuo kilinipa pesa za miezi minne, mtaa ulikuwa umenifunza za siku moja

Kila mwaka barua za kujiunga na vyuo vikuu zikianza kutoka, saiba ninayofanyia kazi hapa steji ya 56, Kawangware, hujaa wazazi na vijana wao. Mimi ndiye huwajazia fomu za mkopo na ufadhili. Mzazi hukaa kwa stuli, kijana anasimama nyuma yake, mimi naandika.

Tunaenda vizuri mpaka tunafika kwa swali moja: mzazi anapata pesa ngapi kwa mwezi?

Hapo ndipo saiba hunyamaza. Mama anainama kidogo, anasogeza mdomo karibu na sikio langu, ananong'ona. Kijana anaangalia viatu vyake. Nimeona hiyo kitu mara nyingi hadi siku hizi swali likifika najifanya natafuta karatasi ya printa, ili wapate dakika moja wenyewe.

Fikiria hiyo hali. Hawa watu wameishi chumba kimoja cha mabati miaka 18. Wamelala pazia likiwatenganisha, wamekula sufuria moja, wanajua nani anakoroma. Lakini siku ya fomu ndiyo mtoto anasikia kwa mara ya kwanza mamake anapata ngapi. Na fomu ikishaenda, wanalipa, wanashukuru, wanatoka. Mazungumzo ya pesa yameisha hapo.

Yangu pia yaliisha hapo. Ilikuwa 2018. Ndiyo maana leo niko upande huu wa kaunta, na sina digrii.

SIKU NILIPOOMOKA

Nilijiunga na chuo kimoja cha umma nje ya Nairobi, Septemba 2018. Mathe wangu ni mama fua. Asubuhi anatembea kutoka 56 hadi Lavington, anafua, anapiga pasi, jioni anarudi na mia tano, siku nyingine mia saba, siku nyingine anarudi mikono mitupu. Siku ya kuniaga alinipa godoro, unga, mafuta, ndengu kilo tano, akalipia kodi ya mwezi wa kwanza. Akaniambia maneno ambayo kila mzazi wa mtaa husema: "Soma kwa bidii, usiharibu pesa."

Usiharibu pesa. Sawa. Lakini hakuna aliyeniambia pesa zisizoharibiwa hukaa vipi.

Wiki chache baadaye meseji ya benki ikaingia: Sh18,500. Mkopo wa HELB wa kujikimu, wa semista nzima. Nilikuwa kwa ngazi za jengo la mihadhara na Sh40 mfukoni. Nilisoma ile meseji mara tatu. Maishani mwangu sikuwahi kushika hata Sh5,000 zikiwa zangu.

Nikakumbuka Mama alikuwa na deni la kodi ya miezi miwili, na msimamizi wa ploti alikuwa ametishia kupiga kufuli mlangoni. Hakuniomba. Alitaja tu kwa simu, halafu akanyamaza. Nikatuma Sh6,000. Nilijiona mwanaume kamili siku hiyo. Kisha nikanunua viatu vya Sh2,800 kwa sababu wale wangu walikuwa wananicheka. Sabufa ya Sh3,500. Wikendi tukafanya sherehe, kuku na kinywaji, nikatoboa kama Sh2,000.

Zikabaki Sh4,200 na zaidi ya miezi mitatu mbele yangu.

Najua unachofikiria: huyu alikuwa mjinga. Hata mimi niliamini hivyo miaka mingi. Mpaka siku moja nikachukua kalamu. Chumba changu kilikuwa Sh3,500 kwa mwezi. Miezi minne ni Sh14,000. Toa hiyo kwa Sh18,500, zinabaki Sh4,500. Semista ina wiki kama 16, yaani siku 112. Gawa. Ni Sh40 kwa siku.

Sh40! Hata kama singenunua viatu, hata kama singegusa kuku, nilikuwa nimepangiwa chai na mandazi mbili kila siku hadi Desemba. Hesabu ilikuwa imekufa kabla sijaanza kuila. Kama ningekuwa nimeipiga na Mama mapema, angeniambia kwa dakika moja: tafuta mwenzako mgawane chumba. Chumba cha watu wawili kingenipeleka karibu Sh100 kwa siku, na Sh100 mtoto wa Kawangware anajua kuishi nayo.

Lakini hatukuipiga. Yeye alidhani chuo kimenipa pesa nyingi. Mimi nilidhani hivyo pia.

"MAMA, NIKO SAWA"

Kuanzia wiki ya sita nilikuwa nasota. Mama akipiga simu anauliza kama nimekula, nasema nimekula. "Mama, niko sawa." Ningemwambia nini? Kwamba pesa nilizomtumia ndizo zilikuwa chakula changu? Angeumia. Kwamba nyingine niliweka kwa sabufa? Angeumia zaidi.

Semista ya pili Fuliza ikaingia sokoni, Januari 2019. Nikaipenda kama binamu. Baada ya Fuliza nikaanza apu za mikopo, zile za kukupa Sh1,000 wiki moja urudishe Sh1,200 na kitu. Unakopa huku kulipa kule. Jamaa wawili wa chumba cha pili walikuwa wanabeti, nikajaribu, nikaliwa.

Mwaka wa pili, Oktoba 2019, Mama akapokea zamu yake ya chama. Akanitumia Sh12,000 zikamalize karo iliyobaki, ili niruhusiwe kufanya mitihani. Nilikuwa na kodi ya miezi miwili na apu tatu zinanitafuta. Nikajiambia nitalipa madeni kwanza, mkopo ukiingia nirudishie karo. Zile pesa zikaisha kwa siku mbili. Mitihani ikaanza mimi nikiwa kwenye chumba, nimefunga pazia, wenzangu wakipita nje wakijadili maswali.

Mama alijua Desemba hiyo. Sikumwambia mimi. Apu moja ilikuwa imechukua namba zote kwa simu yangu, na jamaa wao wa kudai madeni akampigia akiwa Lavington, mikono iko kwenye povu, mwenye nyumba amesimama hapo. Alimwambia mtoto wako ni mwizi.

(Mambo hayo sasa yamepigwa marufuku. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka wa 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinakataza kupigia simu watu walio kwenye orodha ya namba zako ili kukuaibisha. Wakati wangu hazikuwepo.)

Nilikuwa nimerudi nyumbani kwa likizo. Aliingia jioni, akaweka mfuko chini, akakaa kwa kitanda. Nilingoja kelele. Hakupiga kelele. Aliniuliza swali moja:

"Kwani huko, siku moja inakula pesa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeishi chuo mwaka mzima na zaidi, na sikujua siku yangu inakula ngapi.

Machi 2020 corona ikafunga vyuo vyote. Mtaani kila mwanafunzi alikuwa nyumbani, kwa hivyo hakuna aliyeniuliza kitu. Vyuo vilipofunguliwa wenzangu wakapanda magari wakaenda. Mimi nikabaki 56. Ndivyo watu walivyojua.

MAMA ALIKUWA PROFESA, HATUKUMWALIKA

Swali la Mama lilinikaa kichwani kwa sababu yeye, ukimuuliza, anajibu hadi shilingi ya mwisho.

Kama umekulia Kawangware au Kibera unajua uchumi wa kadogo. Mafuta ya kupika ya kupima, ya Sh20. Sukari ya kufungwa kwa karatasi. Unga wa nusu kilo. Sukuma ya mkono mmoja, nyanya mbili, kitunguu nusu. Maji kwa mtungi. Tokeni za stima za Sh50. Hata gesi sasa inauzwa kwa kupima. Wataalamu husema kununua kidogo kidogo ni ghali kuliko kununua kwa wingi, na ni kweli. Lakini wanaoishi hivyo si kwamba hawajui. Pesa zao zinakuja kwa siku, kwa hivyo zinatumika kwa siku.

Mama anaweza kuingia nyumbani na Sh500 akazigawanya kabla hajavua viatu: Sh100 ya kodi inaenda kwenye kopo, Sh50 ya chama, Sh200 ya chakula cha jioni na asubuhi, Sh30 ya maji, inayobaki ni ya kesho kama kesho hakuna kazi. Hajawahi kusomea uhasibu. Lakini hajawahi kulala bila kujua kesho tutakula nini, na alilea watoto watatu hivyo.

Sasa shida iko hapa. Sisi tumelelewa kwa pesa za siku moja. Halafu tunafika chuo tunapewa pesa za miezi minne kwa wakati mmoja. Akili inaziona kama za leo. Ukiwa na Sh500 za leo unazitumia leo, ukiwa na Sh18,500 za leo, basi leo ni leo.

Kwa hivyo sisi watoto wa mtaa si kwamba hatujui pesa. Tunazijua kwa kipimo kimoja tu, na chuo kikatumia kingine. Na mtu pekee ambaye angetusaidia kubadilisha kile kikubwa kiwe kile kidogo alikuwa nyumbani, anadhani hana cha kumfunza mtoto wa chuo kikuu kwa sababu yeye aliishia darasa la saba.

HESABU YA SASA IKO HIVI

Wanaojiunga siku hizi wako kwenye mfumo ulioanza 2023. Familia zinawekwa kwenye makundi matano kulingana na uwezo. Karo inagawanywa kati ya ufadhili wa serikali, mkopo na mchango wa familia. Mbali na karo, kuna mkopo wa kujikimu: Sh60,000 kwa mwaka kwa wale wa kundi la kwanza, wenye kipato cha chini kabisa, ukishuka hadi Sh40,000 kwa kundi la tano. Mfumo wenyewe umepelekwa kortini. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema unakiuka Katiba. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, ukaendelea kutumika.

Tuache korti. Chukua Sh60,000, gawa kwa semista mbili, ni Sh30,000. Gawa kwa siku 112. Ni kama Sh268 kwa siku, kabla hujalipa chumba. Wa Sh40,000 ana kama Sh179, pia kabla ya chumba. Hapo ndani kuna chakula, sabuni, bando, kuchapisha kazi za masomo, nauli, pedi kwa wasichana, na dawa ukiugua.

Na usidanganyike na basari. Basari ya NG-CDF au ya kaunti inaenda moja kwa moja kwa chuo, inalipa karo. Ni msaada mkubwa, lakini haikununulii unga. Wazazi wengi huku hupigania basari, wakiipata wanashukuru Mungu wanadhani vita vimeisha. Vita vya tumbo bado havijaanza.

Zamani mambo yalikuwa tofauti. Waliosoma chuo kikuu miaka ya 1970 na 1980 bado husimulia kuhusu "boom", pesa za mfukoni walizopewa na serikali, huku sahani ya chakula ikiwa haina bei. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 hayo yakaisha, mwanafunzi akaanza kununua chakula chake sahani kwa sahani. HELB ikaundwa mwaka wa 1995. Mzigo wa siku kwa siku ukahamia kwa familia, lakini hakuna aliyeita wazazi kikao awaambie.

Majirani zetu Tanzania bado wanaziita "bumu". Lakini wana kitu kimoja ambacho nakipenda. Bodi yao ya mikopo hupanga pesa za chakula na malazi kwa siku. Kuanzia mwaka wa masomo wa 2022/23 kiwango kilipanda kutoka Sh8,500 hadi Sh10,000 za Tanzania kwa siku. Pesa zenyewe bado huja kwa mafungu, na sisemi zinatosha. Ila mwanafunzi wa Dar akiulizwa siku yake ina ngapi, anajua. Ile ndiyo lugha ya Mama.

ZAMU YA SISTA

Sista wangu mdogo aliitwa chuo 2024. Siku ya kumjazia fomu nilifunga saiba dakika kumi mapema nikawaita yeye na Mama wakae. Tulipofika kwa lile swali la mapato, Mama akaanza kuinama anong'one. Nikamwambia, "Mama, sema kwa sauti. Anafaa kusikia."

Akasema. Sista akalia kidogo. Kisha akauliza, "Na kodi je?" Mama akajibu. "Na chama?" Mama akajibu. Tulikaa pale hadi saa tatu usiku. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo ilikuwa siku yake ya kwanza ya chuo.

Sista alipangwa kundi la pili, Sh55,000 kwa mwaka, yaani Sh27,500 kwa semista. Tulikubaliana mambo machache, na nayaandika hapa kwa sababu wazazi huniuliza saiba tulifanyaje.

Kwanza, chumba. Alipata nafasi hosteli ya chuo, Sh5,500 kwa semista, inalipwa yote mwanzoni. Zikabaki Sh22,000. Kwa siku 112 ni Sh196. Mama akaiandika kwa daftari la mistari la Sh20: 196. Hiyo ndiyo namba ya nyumba yetu sasa. Sista akisema ananunua viatu vya Sh2,000, Mama hamwambii "usiharibu pesa." Anamwambia, "Hizo ni siku kumi." Halafu ananyamaza. Sista anaamua mwenyewe. Mara moja alinunua. Mara mbili hakununua.

Pili, mkopo hauji siku ya kufungua. Unaweza kungoja wiki kadhaa, na hizo wiki ndizo huvunja wengi, kwa sababu wanaingia madeni ambayo pesa zikifika tayari zina wenyewe. Mama aliongea na kina mama wenzake wa chama mapema, akabadilishana zamu na mwingine ili yake iangukie Septemba. Zile pesa zikawa chakula cha wiki sita za kwanza. Hakuongeza shilingi yoyote juu ya alizokuwa akipata. Alibadilisha tarehe tu.

Tatu, pesa zikiingia zinakaa wapi. Mimi nilisema zije kwa simu ya Mama, awe akimtumia kila wiki. Mama akakataa. Alisema kitu ambacho sikuwahi kusikia mzazi akisema: "Zikikuja kwangu nitazila. Mtoto akiugua hapa, mwenye ploti akija, nitazila." Basi zikaenda kwa akaunti ya benki ya Sista mwenyewe, isiyo na kadi wala apu. Akitaka kutoa lazima apange foleni. Anatoa mara moja kwa mwezi, anagawanya kwa wiki nne. Uvivu wa kupanga foleni umemwekea akiba nyingi kuliko mahubiri yangu.

Nne, na hii ndiyo ilikuwa ngumu: pesa za kurudi nyumbani. Wacha tuseme ukweli. Huku kwetu si mzazi tu anayetumia mtoto pesa. Mkopo ukiingia, mtoto pia hutuma nyumbani. Kuna nyumba nyingi 56, Gatina na Kabiria ambazo zimewahi kulipiwa kodi na pesa za HELB. Hakuna anayelisema kwa sababu ni aibu kwa mzazi na ni fahari kwa mtoto. Mimi nilituma Sh6,000 bila mtu kuniuliza zimebaki ngapi, na sikulaumu mtu. Lakini zilikuwa zaidi ya siku mia moja za chakula changu kwa ile hesabu ya Sh40.

Sisi tulikubaliana kodi ya nyumbani ni ya Mama na mimi, Sista haimhusu. Dharura ikitokea, tunaongea watatu kwa simu. Ilitokea. Februari ndugu yetu mdogo aliugua, tukahitaji pesa za hospitali. Zilikuwa zimebaki siku 60 za semista. Sista akasema anaweza kutoa Sh1,500. Mama akachukua daftari, akagawa polepole, akikosea mara mbili: Sh25 kwa siku. Namba ikashuka kutoka 196 hadi 171. Akamuuliza, "Utaweza 171?" Sista akasema ataweza. Basi akatuma. Tofauti na yangu ni kwamba wote walijua bei ya ile zawadi.

Halafu kuna lile dogo la mwisho. Kwa M-Pesa, ukituma Sh100 au chini ya hapo hukatwi ada. Kwa hivyo Mama akipata kazi nzuri hutuma Sh100, na Sista analipia dukani moja kwa moja kwa Lipa na M-Pesa bila kwenda kutoa. Hakuna shilingi inayopotea njiani. Ukitaka kujua kadogo inavyofanya kazi chuo, ndiyo hiyo.

SI UPELELEZI

Usinielewe vibaya. Kuna jirani yetu, fundi wa mjengo, ambaye aliamua mwanawe asipotee kama mimi. Alidai risiti ya kila kitu. Ya chapati, ya bando, ya nauli. Kufikia semista ya pili kijana alikuwa amejua kutengeneza risiti kwa simu kuliko sisi wa saiba. Mzee alipata karatasi nyingi sana na ukweli kidogo sana.

Mtoto anayeogopa kugombezwa atadanganya. Mimi ni shahidi. Na mzazi anayeogopa kudharauliwa ataficha umaskini wake mpaka mtoto aamini nyumbani kuna mahali pesa hutoka. Hao wawili wakikutana kwa simu kila Jumapili, mmoja anasema "niko sawa," mwingine anasema "hata sisi tuko sawa," na wote wamelala njaa.

Pia sisemi daftari la Sh20 linamaliza shida. Sh196 kwa siku ni kidogo. Kuna wanafunzi ambao hata wakigawanya namna gani, hesabu haitoki, na hapo mwenye kujibu ni serikali. Lakini ukijua mapema kwamba haitoki, unaweza kutafuta mtu wa kugawana chumba, kuomba kazi ya muda chuoni, kwenda ofisi inayoshughulikia wanafunzi ukiwa bado una nguvu za kutembea. Ukijua umechelewa, unaenda kwa apu.

Na kumbuka huo mkopo si zawadi. Riba yake ni asilimia 4 kwa mwaka, na ukikwepa kulipa kuna faini ya Sh5,000 kila mwezi. Haijalishi ulimaliza au uliacha. Mimi nalipa kidogo kidogo kutoka kwa pesa za saiba. Digrii haikunifuata nyumbani, deni lilinifuata.

JUMAPILI SAA MBILI USIKU

Sista sasa yuko mwaka wa pili. Kila Jumapili saa mbili usiku simu inalia. Mama anavaa miwani, anatoa daftari chini ya godoro. Wanaanza na mambo mengine, kanisa, mvua, nani ameolewa. Kisha Mama anauliza, "Haya, iko ngapi?"

"1,140, Mama. Nilinunua kitabu."

"Ni sawa. Siku ngapi hadi utoe nyingine?"

"Sita."

Mama anagawa. "190. Bado uko juu." Anacheka. Nimemsikia akicheka hesabu, mtu ambaye zamani alikuwa anaogopa hata kusoma barua ya chuo.

Jumapili iliyopita, baada ya kukata simu, hakufunga daftari. Aliligeuza nyuma, ukurasa safi, akaniangalia juu ya miwani.

"Na wewe? Siku yako inakula ngapi?"

Nilimwambia. Chakula, nauli, bando, deni la mkopo, ninachoweka kando. Nilimwambia pia kuna chuo cha ufundi ambacho nimekiulizia karo, masomo ya jioni, na kwamba nimekuwa nikiogopa kumwambia.

Hakusema kitu kuhusu kuogopa. Aliandika jina langu juu ya ukurasa, akachora mstari, akaniuliza hiyo kozi inachukua miezi mingapi.